Tafadhali, msizime innodb_doublewrite

Kila fundi anapolalamika kwamba MySQL yake, programu ya hifadhidata, ni nzito, hakosekani wa kumjibu: fungua faili la mipangilio my.cnf, weka innodb_doublewrite=0, washa upya, utaona mbio. Ni kweli, mbio utaziona. Lakini unachokizima hapo ni ulinzi wa data yako umeme ukikatika katikati ya kuandika. Seva moja niliyoirithi kwa fundi aliyenitangulia ilikuwa imewekwa hivyo, na yaliyotokea asubuhi moja ndiyo yananifanya niandike.

Lilikuwa duka la dawa la jumla. Umeme ulikatika usiku mauzo ya siku yakiwa bado yanaingizwa, na UPS iliyokuwa chini ya meza betri yake ilishakufa siku nyingi, inapitisha umeme tu. Asubuhi MySQL ikagoma kuwaka. Ilikuwa ikilalamikia ukurasa mmoja tu wa jedwali la bidhaa. Mwenye duka, mama mtu mzima, akaja kusimama nyuma yangu. Nikamwamkia. Akaitikia, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ukurasa mmoja tu ndio unafunga duka zima?"

Swali lake ni la haki, na linastahili jibu la kweli.

InnoDB, sehemu ya MySQL inayotunza data, husoma na kuandika data hiyo kwa kurasa, na kila ukurasa kwa kawaida una kilobaiti 16, yaani baiti 16,384. Diski haina habari na ukurasa huo. Yenyewe inajua sekta: za baiti 512 kwenye diski za zamani, 4,096 kwenye nyingi za sasa. Kwa hiyo kile ambacho hifadhidata inakiona ni kitu kimoja, diski inakiona ni vipande vinne au zaidi, na haijawahi kuahidi kwamba vyote vitaingia pamoja. Umeme ukikatika vipande viwili vikiwa vimeshaingia na viwili bado, unabaki na ukurasa uliochanika: nusu mpya, nusu ya zamani.

Niliufungua ule ukurasa kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Kila ukurasa wa InnoDB hubeba namba ya mfuatano wa logi, yaani daftari la mabadiliko, karibu na mwanzo wake, na sehemu ya namba hiyohiyo hurudiwa kwenye baiti nne za mwisho kabisa. Zikilingana, mwanzo na mwisho viliandikwa safari moja. Za kwangu hazikulingana. Kichwa kilikuwa cha usiku ule, miguu ya mchana wake. Kati yake rekodi za dawa zilikatika ghafla, na orodha ya mwishoni mwa ukurasa inayoonyesha rekodi ziko wapi ilielekeza mahali ambapo rekodi hizo hazikuwepo tena.

Hapa ndipo wenzangu wengi wanapobisha: si kuna logi ya kurudia? Si ndiyo kazi yake, kurejesha mambo baada ya ajali? Ndiyo, na inaifanya vizuri. Njia hiyo imetulia tangu C. Mohan na wenzake wa IBM walipochapisha utaratibu uitwao ARIES mwaka 1992: kagua logi ujue ajali ilikukuta wapi, rudia yaliyokuwa yamefanyika, kisha tengua miamala ambayo haikukamilika. Lakini logi ya InnoDB haiweki ukurasa mzima. Inaweka maagizo: kwenye ukurasa huu, baada ya rekodi ile, ingiza hii. Ni sawa na kumwambia mwashi aongeze tofali juu ya lile la tatu. Ukuta ukiwa umesimama, ataliongeza hata kama jana hakuwepo. Ukuta ukiwa umebomoka nusu, hilo tofali la tatu hatalipata. Ndiyo maana naona ukurasa uliochanika ni mbaya kuliko ule ambao haukuandikwa kabisa. Ambao haukuandikwa bado ni mzima, na logi itausogeza hadi leo. Uliochanika hauna pa kuanzia.

Uandishi wa mara mbili, yaani hiyo innodb_doublewrite, umewekwa kuziba tundu hilo hilo moja. Kabla kurasa hazijapelekwa mahali pake, zinaandikwa kwanza pembeni, kwa mfululizo, na agizo la fsync linaitwa ili diski ithibitishe kwamba imezipokea. Hapo ndipo zinapopelekwa kwenye nyumba zake. Umeme ukikatika wakati wa kuandika pembeni, ukurasa wa asili haujaguswa. Ukikatika wakati wa kuandika nyumbani, nakala ya pembeni ni nzima, na MySQL ikiwaka itauchukua kutoka huko, kisha logi iendelee na kazi yake. Hakuna dakika ambayo nakala zote mbili zimo hatarini kwa pamoja. Zamani sehemu hiyo ilikuwa ndani ya faili la ibdata1. Kuanzia toleo la 8.0.20 ina mafaili yake yenye mwisho wa .dblwr. Na gharama yake si mara mbili kama jina linavyotisha, kwa sababu kurasa nyingi huandikwa pembeni kwa mkupuo mmoja, na fsync moja inazitosha.

PostgreSQL, hifadhidata nyingine, wamepita njia yao. Ukurasa wao ni kilobaiti 8, na kila unapoguswa kwa mara ya kwanza baada ya chekipointi, yaani pale hifadhidata inapohakikisha kurasa zilizobadilika zimefika diskini, wanautia mzima ndani ya logi. Mpangilio huo unaitwa full_page_writes, na nao una maadui wake, kwa kuwa unaifanya logi ivimbe. Kwa wanaoteswa na uvimbe huo, ninachoshauri ni kurefusha muda kati ya chekipointi na chekipointi, ambao bila kuguswa ni dakika 5. Kurasa nzimanzima zinapungua. Utalipa kwa kusubiri zaidi seva inapoamka baada ya ajali, lakini hayo ni malipo ya muda, si ya data ya watu. (Folda ya logi hiyo zamani iliitwa pg_xlog. Watu waliiona ina neno log, wakadhani ni takataka za kufutwa diski ikijaa, wakaifuta na hifadhidata yao ikafa. Tangu toleo la 10 inaitwa pg_wal. Jina tu linaweza kumfilisi mtu.)

Yote haya yanasimama juu ya fsync, na fsync nayo ina visa vyake. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux, fsync ikishindwa mara moja, mfumo unaweza kuzihesabu kurasa zilizokuwa zikisubiri kuwa hazina tena deni la kuandikwa. Ukiita fsync mara ya pili unajibiwa kwamba mambo ni safi, ilhali data haikufika. Kwa miaka mingi hifadhidata ilikuwa ikijaribu tena na kuamini jibu hilo. Mwanzoni mwa 2019 wakabadilisha: fsync ikishindwa, PostgreSQL inajizima yenyewe na kuanza upya kutoka kwenye logi. Wapo walioona ni ukali uliopitiliza. Mimi naona ni uungwana. Afadhali seva inayoanguka na kusema imeanguka.

Diski zenyewe nazo mzitazame. SSD nyingi za bei nafuu hupokea data kwenye kumbukumbu yao ya ndani na hazina akiba ya umeme ya kuzifikisha salama umeme ukikatika. Za seva huwa na kapasita za kazi hiyo. Ukinunua, uliza hilo kabla ya kuuliza kasi.

Sisemi kwamba hakuna pa kuzima. Ukiwa juu ya ZFS, mfumo wa mafaili ambao hauandiki juu ya data ya zamani bali huandika mpya pembeni na kuhamisha kielekezi, na saizi ya rekodi ukaipanga ilingane na ya ukurasa, ulinzi umeshapatikana kwingine. Amazon nao tangu 2022 wana seva ambazo diski zake hupokea kilobaiti 16 zote au zisipokee kabisa. Anayezima akiwa huko anajua anachokifanya. Ninayemsihi ni fundi mwenye kompyuta chini ya meza, kwenye mji ambao umeme unakatika bila kubisha hodi, anayezima kwa sababu kuna mtu alimwambia.

Na atakaa mwaka mzima bila kuona shida, hilo nalo lazima niliseme. Umeme lazima ukatike katikati ya ukurasa mmoja, kwenye sehemu ndogo sana ya sekunde. Mara nyingi haupati nafasi hiyo. Ndiyo maana ushauri ule unaendelea kuzunguka: waliopona ni wengi, nao ndio wanaosema.

Duka lile bakapu yake ya mwisho ilikuwa na siku nane. Tuliirejesha, kisha mimi na msichana wa kaunta tukakaa siku mbili na vitabu vya nakala za risiti, yeye anasoma, mimi naingiza. Baadhi ya nakala wino ulikuwa umefifia na mama mwenyewe akawa anatajiwa jina la mteja, anatukumbushia alichukua nini.

Nilipowasha ulinzi ule tena sikutaka aniamini kwa maneno. Nikaweka programu inayoingiza mauzo ya uongo mfululizo kwenye hifadhidata ya majaribio, nikamwomba mama achomoe waya kwenye soketi wakati wowote atakao. Alichomoa mara sita kabla ya kufunga duka. Mara zote sita seva ilirudi yenyewe, na kila iliporudi alihesabu kwa kidole kwenye kioo muamala wa mwisho uliothibitishwa, akaulinganisha na namba aliyokuwa ameiandika kwenye kiganja kwa kalamu.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameshamtuma kijana akanunue betri ya UPS.