Mwacheni Mchekeshaji na Mshahara Wake

Juzi nyuma ya jukwaa, onyesho likiwa karibu kuanza, kaka mmoja mkongwe aliwakusanya vijana waliokuja kujaribu bahati yao akawapa wosia. Alisema mtu mwenye mshahara hawezi kuwa mchekeshaji wa kweli. Alisema anayetaka kujua kuogelea sharti achome mtumbwi. Vijana wakampigia makofi. Mmoja wao, dada anayeshughulikia madai kwenye kampuni ya bima, akaniambia baadaye kwamba barua ya kuacha kazi ameshaiandika, kilichobaki ni kuipeleka.

Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka.

Huyo dada ana kichekesho kimoja ninachokipenda sana. Mteja anapiga simu kuuliza bima ya maisha inalipa lini. Anajibiwa, ukifa. Kimya kidogo. Halafu mteja anauliza, "Na kama nina haraka?" Basi, kimeisha. Ukikisikia leo utadhani kilimjia kikiwa hivyo hivyo. Mara ya kwanza alipokisema, mteja alikuwa na jina, na mke mkorofi, na deni, na baada ya "haraka" dada aliendelea kueleza kwa nini swali lile lilimshangaza. Ukumbi ulimtazama tu. Akamwondoa mke, bado. Akaondoa deni, kwa sababu lilikuwa likifichua mwisho kabla ya wakati wake. Wakacheka wawili watatu. Alikuwa akijirekodi kwa simu na kujisikiliza njiani akirudi nyumbani, na huko ndiko alikogundua kwamba baada ya "ukifa" alikuwa haachi nafasi hata ya kupumua. Alipojifunza kunyamaza pale, kicheko kikaja chenyewe. Kazi hiyo ilimla miezi, dakika tano tano, mbele ya watu walionuna, bila malipo.

Sasa niambieni, angevumilia vipi kununiwa miezi yote hiyo kama chakula cha kesho kingetegemea kicheko cha leo? Asingevumilia. Angekitupa kile kichekesho usiku wa pili na kushika kingine ambacho kila mtu anakijua. Aliweza kukirudia kwa sababu asubuhi alikwenda kazini, na mwisho wa mwezi kodi ya nyumba ililipwa hata kama ukumbi mzima ulikuwa umemkunjia uso. Mshahara ule ndio uliomnunulia haki ya kukosea. Na tusisahau kwamba kichekesho chenyewe kilitoka kwenye simu ya ofisini.

Wanaosema njaa inanoa kipaji wamkalie karibu mchekeshaji mwenye njaa wamwangalie. Mimi nimewaangalia wengi. Mtu anapanda jukwaani akijua kwamba asipoitwa tena wiki ijayo hana nauli. Macho yake yanamtafuta mwandaaji kule nyuma badala ya kutazama watu waliokaa mbele yake. Ana kitu kipya kizuri alichoandika, nilikisikia akikisema peke yake kwenye ngazi, lakini hakithubutu. Anakimbilia mama mkwe. Anakimbilia mtu mnene wa meza ya kwanza. Anakimbilia lafudhi ya watu wa kabila lingine. Watu wanacheka, mwandaaji anaridhika, na mwaka unaofuata ni yule yule na dakika zake kumi zile zile. Njaa imemfanya mwoga. Uchekeshaji wa jukwaani ni kazi ya kusema jambo ambalo hujui kama litapokelewa, na mwoga haiwezi.

Nimechoka pia na habari ya "utachelewa", eti usipoacha kazi mapema umri utakupita. Mchekeshaji wa Marekani Phyllis Diller alipopanda jukwaa la ukumbi wa Purple Onion kule San Francisco mwaka 1955 alikuwa na miaka 37 na watoto watano. Mwenzake, Rodney Dangerfield, alijaribu akiwa kijana, akashindwa kuishi kwa kazi hiyo, akaenda kuuza vifaa vya kufunikia kuta za nyumba, akarudi jukwaani akikaribia miaka arobaini. Umaarufu ulimkuta akiwa mtu mzima kabisa.

Na hao wanaotajwa kila siku kama mifano ya ujasiri, wengi wao walishikilia kazi zao muda mrefu kuliko tunavyosimuliwa. Jo Brand wa Uingereza aliuguza wagonjwa wa akili kwa miaka kama 10, na alianza uchekeshaji akiwa bado muuguzi. Ken Jeong alikuwa daktari kule California; mchana anatibu, usiku anachekesha. Alikuja kuiacha hospitali baada ya milango ya filamu kufunguka mwaka 2007, na hata katika filamu iliyomfungulia milango hiyo alicheza daktari. Jim Gaffigan alikuwa na kazi ya matangazo ya biashara New York huku usiku akizunguka kumbi. Hakuna aliyesimama kuwaambia kwamba vicheko vyao ni bandia kwa sababu wana mshahara. Aliyecheka alicheka.

Najua nitakachojibiwa, na sehemu yake ni kweli. Unafika wakati kazi na jukwaa havikai pamoja. Huwezi kurudi nyumbani saa nane za usiku ukawa mtu wa maana saa mbili asubuhi, mwaka baada ya mwaka, bila kimoja kuharibika. Ziara haisubiri likizo yako. Tamasha la sanaa la Fringe la Edinburgh kule Uskoti, lililoanza mwaka 1947, linakula karibu mwezi mzima wa Agosti, na bosi gani atakupa Agosti nzima kila mwaka? Mchekeshaji wa Uingereza Jimmy Carr alitoka kwenye idara ya masoko ya kampuni kubwa ya mafuta mwaka 2000 na hajarudi nyuma. Sawa. Siku ratiba yako ya maonyesho yanayolipa inapoanza kugongana na zamu zako, andika barua, na mimi nitakuwa wa kwanza kukushangilia. Ila jamani, hapo ni jukwaa lililokuita kwa jina lako na kwa malipo. Kuitwa kwa makofi ya nyuma ya pazia hakujawahi kulipia mtu kodi.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili: nani anafaidika kijana akiacha kazi kabla ya wakati? Mchekeshaji asiye na mshahara hana namna ya kukataa. Ataitika usiku wowote, atasubiri mpaka saa sita apewe dakika tano, atafungua onyesho la mtu mwingine kwa soda na ahadi ya "utajulikana". Mwenye kazi anaweza kusema hapana, naye mwandaaji hapendi kusikia hapana.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1979 kule Los Angeles, The Comedy Store ilikuwa ikijaa watu waliolipa kuingia, huku wachekeshaji wenyewe hawalipwi chochote. Mwenye ukumbi, Mitzi Shore, alishikilia kwamba mahali pale ni pa kujifunzia, kwa hiyo nafasi ya kuonekana ndiyo malipo. Wachekeshaji waligoma, wakasimama nje na mabango kwa wiki kadhaa; Jay Leno na David Letterman, waliokuja kuwa watangazaji maarufu wa televisheni, walikuwa upande wao. Mwishowe wakapata dola 25 kwa kila wanapopanda. Angalieni ni kiasi gani kidogo kilichohitaji mgomo mzima! Tangu hapo ni zaidi ya miaka 40, na wosia wa kaka yetu juzi ulikuwa ule ule wa Mitzi Shore, umebadilishwa nguo tu.

Kwa hiyo nina swali kwake, na kwa waandaaji wote wanaopenda kuwapa vijana mawaidha. Usiku ule ukumbi ulijaa. Mlangoni watu walilipa. Fundi wa sauti alilipwa, walinzi walilipwa, aliyechapisha mabango alilipwa kabla hata ya onyesho. Wale vijana waliopanda wakawachangamsha watu kwa saa nzima ya kwanza, walilipwa nini? Wekeni kiwango, hata kiwe kidogo, kiandikwe, kilipwe usiku ule ule. Mkishafanya hivyo, njooni tuzungumze habari za mishahara yao.