Kombe la Kimataifa la Pikipiki: hila ililiua, au mizani?

Mbio za Tourist Trophy za Kisiwa cha Man zinajulikana dunia nzima. Kombe la Kimataifa lililozitangulia halikumbukwi sana, maana lilishindaniwa mara tatu tu, 1904 hadi 1906, likafa.

Wengi husema liliuawa na hila. Mwaka 1904, huko Dourdan, Ufaransa, Mfaransa Demester alimaliza wa kwanza akiendesha pikipiki ya Griffon, lakini matokeo yakafutwa baada ya vurugu na malalamiko ya misumari barabarani. Mwaka 1906, Patzau huko Bohemia, iliyokuwa sehemu ya Austria-Hungaria, pikipiki za Puch, kiwanda cha Austria, zilishika nafasi mbili za juu. Waingereza wakalalamika kuwa wenyeji walizungusha njiani pikipiki za vigari vya pembeni zilizosheheni vipuri.

Siwapuuzi, ila hayo ni maneno ya walioshindwa. Tena mwaka 1905, hukohuko Dourdan, Václav Vondřich wa Austria-Hungaria aliwashinda Wafaransa kwao kwa pikipiki ya Laurin & Klement. Kama mwenyeji alikuwa na uwezo wa kupanga kila kitu, mbona kombe lilimponyoka?

Kwangu mimi, tatizo kubwa lilikuwa kanuni ya uzito: pikipiki isizidi kilo 50. Walioitetea walikuwa na hoja nzuri, kwani mizani haina taifa. Lakini viwanda havikupunguza injini, vilipunguza chuma. Injini kubwa ikafungwa kwenye fremu nyembamba, na kilichopatikana ni chombo cha hatari ambacho mteja wa kawaida asingekinunua kwenda nacho kazini.

Wakirudi kwa treni kutoka Patzau, wapenzi wa pikipiki kutoka Uingereza, yaani Freddie Straight, Marquis de Mouzilly St. Mars na ndugu wawili wa Collier, walizungumzia mbio za pikipiki za kawaida za kutumia barabarani. Zikafanyika Kisiwa cha Man tarehe 28 Mei 1907, ndizo Tourist Trophy za kwanza, na Charlie Collier akashinda kwa Matchless. Safari hii kilichopimwa ni mafuta: galoni moja kwa maili 90 kwa silinda moja, maili 75 kwa silinda mbili. Sailensa na madigadi vilitakiwa. Hapo ndipo naona somo la kilo 50 lilieleweka.

Hata hivyo, kuliita kombe hilo kazi bure ni kulionea. Fujo za 1904 ndizo zilizozaa shirikisho la kimataifa Desemba mwaka huohuo, mjini Paris. Lilivunjwa 1906, likafufuliwa 1912, na ndilo FIM, shirikisho la pikipiki la dunia, linalosimamia leo MotoGP, mashindano makuu ya mbio za pikipiki.