Dogo kamaliza fomu siksi, aende sheria au aachane nayo?

Matokeo ya fomu siksi yakishatoka mwezi wa saba, hapa Tanga mjadala ni ule ule kila mwaka, kijiweni Ngamiani, kwenye magrupu ya familia, hata msibani watu wakisubiri chakula. Dogo kapata divisheni ya pili kwenye HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), aombe kozi gani chuoni? Hapo lazima ajitokeze mjomba mmoja aseme sheria, na ukimuuliza kwa nini atakwambia huyu mtoto ana mdomo. Mwingine naye atadakia, huyu mara nyingi ana ndugu yake aliyemaliza LLB, digrii ya sheria, na yuko nyumbani tu mwaka wa tatu, atasema achaneni na sheria, mawakili wamejaa. Mi naona wote wawili wana kipande cha ukweli ila wanabishana juu ya vitu viwili ambavyo havimsaidii dogo kuamua.

Tuanze na huo mdomo. Mahakama ziko wazi, hakuna anayekuzuia kwenda pale Mahakama Kuu Tanga ukakaa kimya kwenye benchi la nyuma. Utachoona ni wakili anasimama, anajitambulisha kwa niaba ya nani, anasema tunaomba shauri lisikilizwe kwa maandishi, upande wa pili unakubali, jaji anapanga tarehe za kuwasilisha, wote wanainama wanatoka. Dakika tano hazifiki. Kazi yenyewe inafanyika ofisini usiku. Chukua kesi ya shamba la Muheza, ambazo hapa kwetu haziishi: hati ya mauziano imeandikwa kwa peni kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wanne wawili wameshafariki, muhuri wa kijiji umefifia, ekari hazijatajwa na mpaka umeandikwa "hadi kwenye mnazi wa mzee fulani", mnazi wenyewe ulishakatwa zamani. Sasa kaa na hicho kikaratasi utafute kama ile miaka 12 ambayo sheria inakupa kudai ardhi imeshapita au bado, usome hukumu za nyuma zinasemaje, halafu uandike kurasa kumi ambazo jaji akizisoma haulizi swali. Huo ndo uwakili wa kila siku. Mtoto mkimya anayependa kusoma anaweza kumzidi mbali yule mwenye mdomo.

Ndo maana kabla ya kulipia fomu ya chuo chochote mi huwa nawaambia ingia TanzLII, tovuti yenye hukumu na sheria za nchi, ni bure, tafuta hukumu yoyote ya Mahakama Kuu Tanga, soma yote mpaka mwisho. Ukifika ukurasa wa tatu umeshaenda kuangalia stori za Simba na Yanga basi umejijibu mwenyewe na hujapoteza hata shilingi. Na nyingi utazikuta kwa Kiingereza, hilo nalo ulijue mapema. Ni kweli sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, na mahakamani watu wanaongea Kiswahili kweli, lakini darasani chuo kikuu bado ni Kiingereza, na rundo la hukumu za miaka yote zimeandikwa kwa Kiingereza na utazitumia. Mwenye Kiingereza cha kuungaunga anaweza kujifunza, wapo wengi waliofanikiwa, ila asidhani kitajiongeza chenyewe.

Haya, hili la mawakili wamejaa. Orodha ya mawakili nchini imeshavuka 10,000. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, mkoa wetu peke yake watu 2,615,597. Ukigawa hivyo kwa hesabu ya darasani unaona kabisa hawajajaa, na ukienda Kilindi au Mkinga ukamuuliza mtu wakili wa karibu yuko wapi atakuonyesha barabara ya kuja mjini. Lakini huyo huyo mtu wa Kilindi mwenye kesi ya mpaka hana pesa ya kumlipa wakili! Hapo ndo penye utata wenyewe. Uhitaji upo, wateja wanaolipa wako Dar na wachache hapa mjini, na ndo maana mawakili nao wamerundikana huko huko. Sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria ili kuziba hilo pengo vijijini, nzuri sana, ila kwa kijana anayetafuta mkate haimwambii atakula nini.

Kuna na hii ndoto ya bomba la mafuta. Bomba linatoka Hoima kule Uganda kilomita 1,443 linaishia hapa hapa Chongoleani, basi watu wanasema wanasheria wa Tanga watatajirika. Mikataba mikubwa ya namna hiyo haiandikwi Chumbageni jamani. Inaandikwa na kampuni kubwa za Dar na nje. Kinachobaki kwetu ni fidia, mirathi ya walioacha mashamba, mikataba ya nyumba za kupanga na kugonga mihuri ya viapo, na sisemi kwa kudharau maana ofisi nyingi ndogo kodi yake inalipwa na mihuri hiyo hiyo, mtu kapoteza cheti, mtu anabadili jina, mtu anauza kiwanja.

Ila kitu ambacho si mjomba wala yule mwingine anakitaja ni Law School. Watu wanadhani ukimaliza LLB wewe ni wakili. Hapana. Ukitoka chuo kikuu unaenda tena Law School pale Dar, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, unasoma kwa vitendo, unapelekwa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili, unafanya mitihani, ukifaulu ndo unaomba kuapishwa. Na mwezi wa kumi 2022 nchi nzima ilishtuka, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wenye sapu, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, 342, waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli, 265. Ikabidi waziri aunde kamati chini ya Dk. Mwakyembe ichunguze. Kukawa na kambi mbili, wengine wakasema Law School wanakaza bila sababu, wengine wakasema vyuo vinamwaga watu ambao hata hati ya madai hawawezi kuandika. Mi nilikuwa naona kambi zote mbili zina hoja, ila mwenye fomu mkononi hawezi kusubiri wakubwa wakubaliane, yeye achukulie kwamba mtihani ni mgumu na ajipange nao toka mwaka wa kwanza.

Mtu atasema basi asiende Law School, atatumia LLB yake serikalini. Fungua matangazo ya ajira za serikali na ya Mahakama usome sifa za hakimu mkazi, wakili wa serikali, ofisa sheria. Pale chini mara nyingi utakuta na awe amemaliza Law School. Benki na kampuni binafsi wapo wanaochukua LLB tupu kwa kazi za mikataba midogo au kufuatilia kanuni, lakini hapo unashindana na watu wa biashara na uhasibu. Kwa hiyo unapopiga hesabu ya gharama usiishie kwenye ada ya chuo, weka na huo mwaka wa Dar, chumba, nauli, chakula, suti nyeusi, halafu na miezi unayokaa kwenye ofisi ya wakili mkubwa unabeba mafaili kwa posho ya nauli au bila posho kabisa. Siku hizi bodi ya mikopo imeanza kuwaangalia wa Law School pia, ni nafuu kubwa, ila kwenye mkopo sheria haijawahi kukaa mbele ya foleni kama udaktari au ualimu wa sayansi.

Sasa wapi? Kwa aliye na pointi nzuri na mkopo umeingia, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Mzumbe au Dodoma sioni cha kujadili sana. Mlimani sheria ndo iliyoanza na chuo chenyewe 1961, maktaba ipo na ushindani wa wenzako unakusukuma. Jina la chuo linasaidia kwenye interview ya kwanza, baada ya hapo mteja wa Makorora hajali ulisoma wapi anajali kesi yake. Vyuo vya binafsi vipo vyenye walimu wazuri tu, tatizo langu ni moja: kama mkopo haujaingia na mpango ni kuuza kiwanja cha bi mkubwa ili dogo akasome LLB, napinga. Sheria inachelewa sana kurudisha pesa, na huyo mama atakuwa anapanga chumba wakati mwanawe bado anasubiri matokeo ya sapu.

Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa Tanga na LLB wanatoa, unalipia kozi kidogo kidogo. Kwa mwalimu, polisi au karani wa halmashauri mwenye mshahara hiyo ni njia nzuri kabisa na Law School anapokelewa kama wengine. Kwa mtoto wa miaka 19 nina wasiwasi nayo, unasoma peke yako, hamna mtu wa kukubishia, miaka inaenda.

Njia ambayo watu wa Tanga wanaidharau wakati iko nyumbani ni Lushoto, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kiko chini ya Mahakama yenyewe na majaji na mahakimu hupelekwa kule kwa mafunzo. Hata wa fomu foo mwenye D nne anaweza kuanza cheti, akaja diploma, na diploma yenye GPA 3.0 inamfungulia LLB. Ubaya wake ni miaka, cheti na diploma ni kama mitatu kabla hata hujaanza digrii, na zamani mwenye diploma aliweza kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, sasa hivi mlango huo umefungwa wanataka digrii. Diploma peke yake itakupa ukarani au kazi kwenye ofisi ya wakili, hela si nyingi. Lakini yule mtoto akifika LLB tayari hati ya madai anaijua, kiapo anakijua, masjala anaijua, wakati wenzake wa fomu siksi vitu hivyo wanavisoma kwenye kitabu tu. Na mtihani ule wa Dar unauliza vitu hivyo hivyo.

Kwa hiyo dogo mwenye pointi nne za kubana za kuingilia chuo kikuu, Kiingereza cha wastani na bodi hajui kama itampa kitu, mi ningemwambia aombe vyuo vikuu vyake viwili vitatu, maombi yanaenda chuoni moja kwa moja na akichaguliwa zaidi ya kimoja atathibitisha kimoja tu, na wakati huo huo ajaze na ya Lushoto. Bodi ikikaa kimya apande gari la Mombo, akasome huko kwenye baridi, kiwanja cha mama kibaki na mama. Mjomba atanuna kidogo kwenye grupu maana alishaanza kumuita msomi, atazoea.