Mashine ya Kuoshea Magari: PLC Inajua Zamu, Haijui Gari

Zoezi la mashine ya kuoshea magari halikosekani kwa wanaojifunza kuprogramu PLC, yaani kompyuta ndogo ya viwandani inayoongoza mashine, na majibu yake hufanana. Gari linaingia, sensa inaliona, vali ya sabuni inafunguka sekunde 20, brashi zinazunguka sekunde 60, maji ya kusuuza yanafuata, kisha feni za kukaushia, taa ya kijani, kwaheri. Kila hatua ina taima yake, ikiisha inaiamsha ya pili. Kwenye skrini inapendeza, na maksi zinatoka.

Sina ugomvi na zoezi. Ugomvi unaanza pale mchoro uleule unapohamishiwa kwenye mashine ya kweli, yenye brashi zinazoweza kung'oa kioo cha pembeni, halafu tukaambiwa kazi imekwisha kwa sababu kwenye kabati kuna PLC.

Kwanza nimpe haki yake anayeitetea PLC. PLC ilitokana na kuchoshwa na waya. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors, kilichokuwa kikitengeneza giaboksi za otomatiki, kilitaka kitu cha kuchukua nafasi ya makabati ya rilei (swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme), maana kila uzalishaji ulipobadilika ilibidi waya zifungwe upya. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakaja na Modicon 084. Programu za vifaa hivi zikaandikwa kwa mchoro wa ngazi, wenye mistari ya swichi iliyopangwa kama vipandio, uleule ambao mafundi umeme walikwisha kuuzoea kwenye rilei. Mpaka leo hiyo ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote. Pampu ikigoma saa tano usiku, fundi anachomeka kompyuta, anafungua mstari wa pampu na kuona kontakti moja haijawaka rangi: swichi ya kiwango cha maji kwenye tangi. Kasoro imeonekana bisibisi ikiwa bado mfukoni.

Upande wa pili, wa wanaoona PLC ni gharama ya bure, nao una hoja, tena si ya kubeza. Hesabu ya kuosha gari ni ndogo. Mashine ya kawaida ina swichi na sensa kadhaa za kuingiza taarifa, na kontakta (swichi kubwa za kuwashia mota) na vali kadhaa za kuamrisha. Bodi ya maikrokontrola, yaani kompyuta ya chipu moja, ya bei chee inaimudu hesabu hiyo bila kutoka jasho, kwa sehemu ndogo tu ya gharama. Kuna pia suala la kufungwa mikono. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3 kimesawazisha lugha za kuprogramu PLC, lakini usidhani programu ya chapa moja utaichukua nzimanzima uibandike kwenye chapa nyingine. Na mfungaji akiondoka na nywila, ule mstari wa pampu niliousifu fundi wako hatauona kamwe.

Hata hivyo, bodi tupu inasahau mahali inapofanyia kazi. Kabati liko jirani na maji ya shinikizo, na mota kubwa kila zikiwaka na kuzima hutupa kelele za umeme kwenye waya. PLC huja na milango ya volti 24 iliyotengwa na ubongo wake, na ikiungua inachomolewa kwenye reli ya ndani ya kabati na kuwekwa nyingine. Ukianza kuiongezea bodi kinga zote hizo, ule unafuu wa bei unayeyuka. Kwa mashine yenye brashi, mimi nachagua PLC. Kwa kibanda ambamo gari limesimama na kazi yote ni kunyunyiza sabuni na maji, sioni sababu ya kugombana na mwenye bodi yake, na hapo hata taima zinatosha.

Kwenye brashi taima hazitoshi, na ndipo usanifu halisi unapoanzia. Chukua mashine ya handaki, ambamo mnyororo unalivuta gari. Kwenye shafti ya mnyororo hufungwa kihisi kinachotoa pigo moja kwa kila umbali fulani. Gari likikatiza jicho la mlangoni, yaani sensa ya mwale wa mwanga, PLC inahesabu mapigo mpaka jicho liwe wazi tena, na hapo imeshajua urefu wa gari. Kisha inaiweka taarifa hiyo kwenye safu ya kumbukumbu, na kila pigo safu nzima inasogea hatua moja sambamba na gari. Mnyororo ukisimama, mapigo yanasimama, na vali haifunguki kabla ya wakati wake. Mfumo wa taima ungeendelea kuhesabu sekunde na kumwaga sabuni pasipo na gari. Maji yanayookolewa na otomatiki huokolewa hapa, kwa vali kufungwa pale buti linapopita.

Mashine ya fremu inayotembea juu ya reli ina mtihani mgumu zaidi. Brashi ya juu inapanda boneti, inapanda kioo, inatambaa juu ya paa, inashuka nyuma. Inajuaje? Mara nyingi kwa mkondo wa umeme wa mota yake: brashi ikigandamiza gari mota inalemewa, mkondo unapanda, PLC inausoma na kuinua mkono. Sasa leta pikapu. Paa linaisha ghafla, brashi haihisi kitu, inashuka ndani ya bodi la nyuma, na fremu bado inasonga kuelekea mlango wa nyuma wa bodi. Mantiki haikukosea popote, ilifuata ilichoambiwa. Ndiyo maana msanifu mzoefu huweka safu ya macho ya pembeni kupima umbo la gari kabla brashi haijashuka, au humpa dereva kitufe cha kuchagua pikapu. Njia ya pili ni rahisi, mradi dereva asibonyeze vibaya, na atabonyeza.

Macho yenyewe hupofuka. Povu likiganda kwenye lenzi, mwale unakatika. Ukiwa umeandika "mwale ukikatika kuna gari", mashine itasimama na mteja atanung'unika. Ukiandika kinyume chake, brashi itashuka juu ya gari ambalo PLC inaamini halipo. Kosa moja kati ya hayo lazima ulichague mapema, nami sijaona sababu ya kuchagua la pili. Kitufe chekundu cha dharura ni vivyo hivyo: kontakti yake ikae imefungwa muda wote, ili hata waya ukikatika mashine isimame, na ikate nguvu za mota kupitia rilei ya usalama, isisubiri ruhusa ya programu.

Mchoro wa mashine kama hii ukiletwa mezani, mimi hutafuta mstari mmoja kwanza. Umeme umekatika brashi ikiwa juu ya paa. Dereva amengoja, ameshuka, yuko kati ya gari na fremu. Umeme unarudi. Kwenye michoro mingi ya darasani hatua ya mwisho imehifadhiwa na brashi inaanza kuzunguka papo hapo. Kwenye mchoro mzuri hakuna mota inayowaka mpaka mtu aliyesimama nje, anayeona pande zote, abonyeze kitufe cha kuanza upya, na amri ya kwanza kutekelezwa ni kuinua brashi.