Mchungwa Hauponi kwa Mbolea

Mwezi uliopita nilikwenda Muheza kumjulia hali baba mdogo, nikamkuta shambani akifungua mfuko wa pili wa mbolea, ambao muuzaji wa pembejeo alimhakikishia kuwa ungerudisha ukijani wa michungwa yake. Nilichuma jani moja nikaliinua juani. Upungufu wa zinki hulitia jani njano kwa mpangilio, upande mmoja wa mshipa wa kati ukifanana na mwingine. Jani lile lilikuwa na mabaka yasiyolingana, kushoto njano karibu tupu, kulia vidoa viwili tu. Dalili hiyo inatia shaka ya huanglongbing, ugonjwa wa michungwa unaoletwa na bakteria aitwaye Liberibacter na usio na tiba, na iliniuma kuona mzee akimwaga fedha za ada ya wajukuu kwenye mashina ya miti ambayo hakuna aliyeipima.

Hasira yangu haiko kwa muuzaji peke yake. Elimu juu ya bakteria hawa ipo, lakini haimfikii mkulima. Jinomu ya Liberibacter wa Asia, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, ilichapishwa mwaka 2009, ikaonekana kuwa na herufi takriban milioni 1.2, ilhali ile ya Xanthomonas, bakteria mwingine anayeleta madonda ya michungwa, inazidi milioni 5. Xanthomonas amehifadhi vifaa vya kujitegemea: husafiri kwa matone ya mvua yanayopeperushwa na upepo, huingia kwenye jani kupitia vitundu vyake vya hewa na majeraha, kisha hupenyeza protini inayoamsha jeni ya mchungwa wenyewe hadi seli zivimbe na kupasuka. Liberibacter amefuata njia tofauti kabisa, kwa maana maisha yake yote hupita ndani ya mirija inayosafirisha sukari ya mti na ndani ya mwili wa silidi, yule mdudu wa milimita 3 au 4 anayefyonza machipukizi huku ameinua mkia. Kwa kuwa huko hupata kila kitu tayari, jeni nyingi za kujitegemea zimempotea, lakini anayo protini ya kuchukua nishati ambayo seli za mwenyeji wake zimekwisha kuitengeneza.

Maana yake kwa mkulima ni kubwa. Kiumbe aliyepoteza kiasi hicho hawezi kujificha kwenye udongo akisubiri msimu, wala haletwi na mvua. Anaingia shambani kwa milango miwili tu, silidi na kikonyo, yaani kijiti cha kupandikiza, kilichobebeshwa kutoka kwenye mti mgonjwa. Mlango wa kwanza ni mgumu kuufunga, nakubali, kwa sababu mdudu huruka bila kuomba ruhusa ya mtu. Wa pili tunaufungua kwa mikono yetu kila tunaponunua miche ya kando ya barabara, ambayo mti wake mama haujulikani na haujapimwa. Najua pia kwamba wenye vitalu wengi ni watu wa kipato kidogo, na kwamba kupima vinasaba na kujenga banda la neti ni gharama. Ndiyo sababu nasema gharama hiyo ibebwe na serikali, wala isiachwe mabegani mwa mwenye kitalu.

Utotoni tuliambiwa kwamba maradhi haya ni ya milimani. Kwa Liberibacter wa Afrika ilikuwa kweli, kwani yeye na silidi wake hawahimili joto. Wa Asia anahimili, silidi wake aliripotiwa Tanzania mwaka 2016, na bakteria mwenyewe akaripotiwa Kenya mwaka 2020. Kuwatenganisha kunahitaji kipimo makini: Uganda iliwahi kuripotiwa kuwa na yule wa Asia, hadi uchunguzi wa baadaye ulipoonyesha kuwa alikuwa aina ya Kiafrika. Florida huko Marekani, ugonjwa ulikotambuliwa mwaka 2005, ilikuwa ikivuna masanduku milioni 242 ya machungwa msimu wa 2003/04. Msimu wa 2023/24 hayakufika milioni 20, ingawa vimbunga navyo vilichangia.

Baba mdogo ameagiza miche 60 ya kuziba mapengo kabla ya masika. Nilimpigia simu muuzaji wa miche hiyo nikamuuliza vikonyo vimetoka kwenye mti gani, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba hajui, kwa sababu yeye huletewa na gari.