Umeme wa ziwani: swali ni la saa moja jioni

Ukisimama Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, saa tisa alasiri, jua bado linachoma na upepo kutoka ziwani umeshika kasi. Ni rahisi kuyatazama maji yale yote na kuuliza kwa nini hatujatandaza paneli zinazoelea na kusimika vinu vya upepo, kama wanavyofanya Ulaya baharini. Kasoro ya wazo hilo imo katika saa hiyo hiyo ya tisa. Jua letu na upepo wetu hukutana alasiri na kupungua pamoja jioni, ilhali Kisumu huwasha taa, pasi na televisheni kuanzia saa moja.

Kwenye Bahari ya Kaskazini mambo ni mengine. Kule upepo huwa mkali majira ya baridi, jua likiwa hafifu, kisha kiangazi jua hushika zamu. Kebo ya chini ya bahari ni ghali, kwa hiyo kuna faida vyanzo viwili vikiitumia kwa kupokezana. Shamba la Hollandse Kust Noord, nje ya pwani ya Uholanzi, lenye uwezo wa megawati 759, lilipangwa likiwa na majaribio ya paneli zinazoelea, betri na utengenezaji wa haidrojeni mahali pamoja. Huko Uskoti, vinu vitano vinavyoelea vya Hywind, jumla ya megawati 30, viliunganishwa mwaka 2018 na betri ya megawati 1 tu. Wanaoupigia debe mfano huo hupenda kusahau kwamba betri hiyo iliwekwa nchi kavu, Peterhead, na kwamba haikukusudiwa kubeba usiku mzima. Ilikuwa ya kulainisha misukosuko ya upepo na kujifunza ni lini umeme uhifadhiwe na ni lini uuzwe.

Sisi tuko kwenye ikweta. Jua halibadiliki sana mwaka mzima, na upepo hufuata mzunguko wa siku. Wavuvi wa matanga waliujua kabla ya mhandisi yeyote: alfajiri upepo wa nchi kavu huwasukuma ndani, mchana upepo wa ziwa huwarudisha. Usiku katikati ya ziwa hakukosi upepo, lakini mara nyingi huandamana na radi na dhoruba, na dhoruba humlazimu msimamizi kuvizima vinu. Kwa hiyo betri ya Kisumu ingebebeshwa mzigo mzito kuliko ile ya Peterhead, na gharama yake isingekuwa jambo la pembeni katika hesabu.

Hata hivyo, wanaolitaka ziwa wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Ardhi ya Nyanza na Vihiga imegawanywa vipande vidogo kiasi kwamba shamba la jua la ekari mia mbili ni kesi za fidia za miaka. Paneli iliyo juu ya maji hupoa, na paneli iliyopoa hutoa umeme zaidi. Ghana wameziweka paneli za namna hiyo kwenye bwawa la Bui, na ujanja wao uko kwenye bwawa lenyewe: jua likiwaka maji huachwa yatulie, likitua maji hufunguliwa. Bwawa huwa ndilo betri.

Je, sisi tunalo? Kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu kina megawati 60, na cha Sang'oro kilicho chini yake kina 21, lakini mitambo hiyo hutegemea mkondo wa mto. Hakuna bwawa kubwa la kuweka maji ya leo yatumike juma lijalo, na kiangazi kikikaza uzalishaji hushuka. Bwawa la Magwagwa, juu kwenye mto huo huo, limezungumzwa miaka nenda miaka rudi. (Ziwa lenyewe ni bwawa, tena kubwa ajabu, ila mlango wake uko Jinja tangu mwaka 1954 na umeme wake ni wa Uganda.)

Hapo ndipo ninapoona tumeanzia mwisho. Betri haihitaji kuwa ziwani, wala haihitaji kusubiri kinu hata kimoja. Usiku wa manane, watu wakilala, mvuke wa Olkaria, kwenye vituo vya umeme wa jotoardhi, huachwa utoke bure kwa sababu hakuna wa kuutumia. Laini ya Olkaria–Lessos–Kisumu inaweza kuuleta umeme huo magharibi, betri iliyo mwisho wa laini ikaujaza saa nane usiku na kuutoa jioni. Betri hiyo hiyo hujibu chini ya sekunde moja mtambo mkubwa unapozimika ghafla, msaada ambao gridi ingeuhitaji usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipozama gizani. Mpinzani atasema betri haizalishi chochote, hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya kilichoingia na huzeeka kila inapojazwa. Ni kweli. Kwa hiyo kuna njia rahisi zaidi za kuanzia: maji yapandishwe kwenye matangi mchana, na barafu ya samaki itengenezwe saa sita jua likiwa utosini. Kwenye visiwa kama Ringiti na Ndeda, ambako gridi ndogo za jua zenye betri zipo tayari, barafu ni akiba ya umeme isiyohitaji lithiamu.

Ziwani penyewe pana gugumaji linalosukumwa na upepo hadi kufunga bandari, vizimba vya samaki, na maji yaliyopanda mwaka 2020 hadi kufunika fukwe. Nanga na kebo zitapita pale pale wavuvi wa omena wanapotega taa na nyavu usiku. Hayo yanatatulika, lakini BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, zikiitwa mwishoni tu kutia sahihi, yatageuka ugomvi.

Ninalolihofia kuliko gugumaji ni mkataba. Vinu 365 vya Lake Turkana Wind Power, megawati 310, vilikuwa tayari mwaka 2017; laini ya kwenda Suswa ilikamilika Septemba 2018, na kwa kungoja huko serikali ilikubali kulipa fidia ya umeme usiomfikia mtu. Mradi wa ziwani ukiandikwa hivyo, mteja wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, atalipia jua la saa sita lisilo na pa kwenda. Kwanza upepo upimwe mwaka mzima, saa kwa saa, kwenye kimo cha kinu. Kisha bei iwe ya juu kwa kila kilowati-saa inayofika kati ya saa moja na saa nne usiku, ya chini mchana, na mwenye mradi aamue mwenyewe anunue betri ya ukubwa gani.