Jirani Naye ni Ugenini

Oktoba 2015 Uchumi, kampuni ya supermaketi ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda, ikarudi Kenya. Wengi walilaumu uongozi, na sibishi. Ila naona kosa lilianza mapema zaidi, pale kampuni ilipoamini kuvuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania ni kama kutoka Nairobi kwenda Nakuru.

Mwaka 1977 watafiti Johanson na Vahlne wa Uppsala, Sweden, walieleza walichokiona kwa kampuni za kwao, Volvo ikiwamo: kampuni haikurupuki. Huanza na nchi inayofanana na kwao, hujifunza, ndipo husogea mbali. Tazama KCB, benki ya Kenya, ilivyoingia nchi za jirani: Tanzania 1997, Juba 2006, Uganda 2007, Rwanda 2008. Utadhani waliandikiwa wao.

Shida ni kwamba ujirani unapumbaza. Mnunuzi wa Dar na wa Nairobi wote wanasema Kiswahili (cha aina mbili, lakini tuyaache hayo), ila hawanunui kwa namna moja. Huku kwetu Dar unga na maharage tunanunua kwa Mangi, duka la pili kutoka nyumbani. Anakukopesha hadi mwisho wa mwezi. Anakupimia mafuta ya mia tano, na mtoto ukimtuma, chenji inarudi. Supermaketi inakuja na nini cha kumshinda?

Swali hilo ni la Stephen Hymer, mchumi Mkanada aliyeandika tasnifu yake katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1960. Kabla yake ilidhaniwa mtaji huvuka mpaka kufuata faida nono tu. Hymer akakataa: mgeni huanza akiwa nyuma, hajui sheria wala watu, kwa hiyo lazima abebe kitu ambacho mwenyeji hana. Mimi niko upande wake. Bakhresa, mfanyabiashara wa Tanzania, alikuwa nacho: kusaga ngano kwa wingi na kuifikisha hadi kijijini, kazi aliyoivia Dar kabla ya kuipeleka Uganda, Malawi na Rwanda.

Je, asiye nacho? Anaweza kununua wenyeji wenyewe. Equity, benki nyingine ya Kenya, iliingia Kongo mwaka 2015 kwa kununua hisa za benki ya ProCredit ya huko, na 2020 ikachukua sehemu kubwa ya BCDC, benki iliyokuwapo tangu 1909. Ilipata wateja, matawi na watu wanaoijua Kinshasa kwa mkupuo mmoja.

Uchumi hawakumnunua Mangi. Na sidhani kama angeuza.